Magongo Hugawiwa, Hayapimwi

Hafla zenyewe tunazifahamu. Hema limesimamishwa uwanjani, viti vya plastiki vimejaa, na kando ya meza kuu pana viti vya magurudumu na lundo la magongo yaliyofungwa mawili mawili kwa nailoni ya kiwandani. Mheshimiwa anakabidhi, kamera zinalia, mpokeaji anashukuru, msafara unaelekea wadi nyingine. Zitazame vizuri picha hizo zikishawekwa mtandaoni. Mara nyingi kitufe cha kurekebisha urefu kiko kwenye tundu lile lile katika kila gongo, vile vile yalivyotoka kwenye katoni. Nyanya wa futi tano kasoro inchi mbili na kijana wa futi sita wanaondoka na kimo kimoja.

Mjadala wetu wa vifaa hivi umekwama kwenye idadi: jozi ngapi zimegawiwa, kaunti gani imetoa nyingi. Sina ugomvi na idadi. Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumsaidia kukabili vikwazo vya ulemavu wake, na mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani liliweka magongo katika orodha yake ya vifaa saidizi 50 vya kipaumbele. Ugomvi wangu ni kwamba gongo lina kipimo, lina maelekezo, lina madhara na lina wakati wake wa kuachwa, nasi tunalitoa bila hata kimoja kati ya hivyo. Na wengi wanaotembelea magongo hawafiki kamwe kwenye hema hizo. Ni watu waliovunjika mguu kwa pikipiki, wanaonunua jozi kwenye duka la dawa au kuazima ya jirani iliyokuwa darini tangu mwaka juzi.

Gongo linalouzwa zaidi hapa kwetu ni la kwapani: mabomba mawili ya alumini, au mbao mbili, yanayokutana chini; mto wa mpira juu, kishikio katikati, kipande cha kurefushia, na mpira wa ncha. Lina marekebisho mawili, na wengi hujua moja tu.

La kwanza ni urefu wa gongo lote. Mgonjwa asimame wima akiwa amevaa kiatu atakachotembelea, mabega yamelegea. Akiyapandisha mabega, na watu huyapandisha bila kujua wanapopimwa, kipimo kimeharibika. Ncha ya gongo iwe sentimita 15 mbele ya mguu na sentimita 15 kando. Hapo kati ya kwapa na mto wa juu ibaki nafasi ya vidole viwili hadi vitatu vilivyolazwa, yaani sentimita nne au tano. Asiyeweza kusimama apimwe akiwa amelala: chukua kimo chake, toa sentimita 40, upate pa kuanzia. Mtu wa sentimita 170 ataanzia kwenye 130, kisha atarekebishwa siku atakayosimama.

La pili ni kishikio, na hili ndilo linalosahauliwa. Mkono ukining'inia, kishikio kiwe usawa wa mkunjo wa kifundo cha mkono. Akikishika, kiwiko kipinde kidogo, nyuzi 20 hadi 30. Kiwiko kikinyooka kabisa, mkono hauna nguvu ya kusukuma na mtu anajikuta ametundikwa kwa kwapa. Kikipinda kupita kiasi, msuli wa nyuma ya mkono unachoka kabla hajafika lango la boma. Kishikio hufungwa kwa boliti na nati ya mabawa, na nati hiyo hulegea kwa mtikisiko, kwa hiyo ikazwe kwa vidole kila asubuhi. Mwisho hesabu matundu. Kushoto na kulia yalingane, na kitufe kitokeze chote mpaka kilie. Kitufe kilichotokeza nusu hukaa kimya ukiwa umesimama, kisha hurudi ndani ukiweka uzito katikati ya hatua.

Kwa nini tung'ang'anie hizo sentimita nne za kwapani? Kwapani hupita ateri kubwa ya mkono pamoja na neva zote zinazouendesha. Gongo limetengenezwa ili uzito ubebwe na viganja. Mto wa juu ni wa kubana kwenye mbavu kwa mkono wa juu tu, gongo lisiyumbe. Mtu akiegemea kwapa siku baada ya siku, neva inayonyanyua kifundo cha mkono hubanwa. Dalili huanza na ganzi nyuma ya kiganja, kati ya gumba na kidole cha shahada. Halafu kifundo kinalegea, mkono unaning'inia, vidole havinyooki, hata kuachia kikombe ni kazi. Mgonjwa aliyekwenda hospitali kwa sababu ya mguu anarudi kwa sababu ya mkono. Kosa likigunduliwa mapema na gongo likafupishwa, kwa kawaida nguvu hurejea baada ya wiki kadhaa au miezi michache. Wanaoegemea kwapa kwa miaka wana hatari nyingine, iliyo nadra lakini kubwa: ateri yenyewe kuharibika na damu kuganda ndani yake.

Ukipita mjini Kisumu utaona magongo ambayo mto wa juu umezungushiwa leso, soksi au sponji ya godoro. Watu huona huo ni utunzaji. Kwangu hiyo ni dalili. Kwapa linauma kwa sababu gongo ni refu au kishikio kiko chini mno, na kila tabaka la kitambaa linalokula sentimita moja ya ile nafasi linamkaribisha mtu aegemee zaidi. Ondoa kitambaa, shusha gongo tundu moja, pandisha kishikio, umwangalie akitembea hatua kumi.

Vijijini liko gongo la kale zaidi, tawi la mpera lenye panda, lililokatwa likachongwa usiku mmoja. Ni imara na halina gharama. Kasoro yake ni moja: halina kishikio, kwa hiyo hakuna pengine pa kuweka uzito ila kwapani. Fundi seremala anaweza kulitibu kwa kazi ndogo. Achukue kijiti kikavu cha unene wa sentimita tatu hivi na urefu wa kutosha kiganja kizima, akifunge kwa boliti mbili kwenye usawa wa kifundo cha mkono, asitumie misumari kwa maana msumari huchomoka kila uzito unapoingia na kutoka. Mbao iwe kavu kweli. Mkaratusi mbichi hupinda na kupasuka ukikauka, na msaiprasi wenye kifundo cha tawi karibu na tundu la boliti utakatikia hapo hapo.

Kutembea kwenyewe kunafundishika kwa muda wa chai moja, lakini ni nadra mtu kukalishwa chini akafundishwa. Kwa aliyeambiwa asikanyage kabisa: magongo yote mawili yatangulie pamoja, futi moja hivi mbele, bana mito kwenye mbavu, sukuma chini kwa viganja, kisha mguu mzima upite katikati. Hatua ziwe fupi. Macho yaangalie mbele, si miguuni. Mwendo huu hugharimu mwili nguvu zinazokaribia mara mbili ya mwendo wa kawaida, kwa hiyo mzee mwenye moyo dhaifu akitweta baada ya mita 50 asiambiwe ni mvivu. Yeye huenda anahitaji fremu ya kutembelea badala ya magongo.

Ngazi zina kanuni moja tu: kupanda hutangulia mguu mzima, kushuka hutangulia magongo pamoja na mguu mbovu. Mguu mzima ndio wenye kazi nzito katika safari zote mbili, wa kuinua mwili na wa kuuteremsha taratibu. Kwenye matatu mpe kondakta magongo kwanza, shika chuma cha mlangoni, tanguliza mguu mzima. Kiti cha kando ya dereva, ambacho kila mtu humpisha mgonjwa kwa heshima, hakimfai mwenye plasta ndefu, kwa sababu goti halikunjiki na dashibodi iko pale pale. Pikipiki ndiyo mbaya kuliko zote. Magongo yakishikwa mapajani kwa kukingama hugonga magari yanayopita, na mguu wenye plasta hauna pa kukaa. Kisumu tuna bahati ya tuktuk. Mtu huingia kinyumenyume, akakaa, ndipo akavuta miguu na magongo ndani.

Kisha kuna choo. Maelekezo mengi ya magongo yanayotolewa hospitalini yameandikiwa nyumba yenye choo cha kukalia na sakafu kavu. Boma la Nyando au Bunyore lina choo cha shimo, kijia cha udongo cha kufika huko, na mlango unaofungukia ndani. Mwenye plasta ya paja hawezi kuchutama, na anayejaribu kwa mguu mmoja huku ameshika gongo moja anajitafutia mvunjiko wa pili. Familia nyingi hukata tundu kwenye kiti cha plastiki wakakiweka juu ya shimo. Wazo ni zuri, kiti ndicho kibaya: miguu yake hutanuka kwenye saruji iliyolowa, na kukata tundu kumekiondolea nguvu. Stuli ya mbao yenye miguu minne iliyounganishwa kwa vipande vya kukingama chini ni salama zaidi, pamoja na mti wa kushikilia uliopigiliwa ukutani usawa wa kiuno. Mlango ugeuzwe ufungukie nje. Hiyo ni kazi ya fundi ya nusu siku, na mtoa huduma yeyote anayempa mgonjwa magongo angepaswa kuuliza habari za choo kabla ya kuuliza kingine.

Mpira wa ncha nao ni kitu kidogo kinachodharauliwa kuliko umuhimu wake. Ukiwa mpya una mifereji ya duara kwa chini, inayoshika sakafu. Mifereji ikiisha, au mpira ukilika upande mmoja hadi ukaonekana kama umekatwa mshazari, wakati wake umekwisha. Kuna watu hutembelea mpira mmoja miaka, mpaka bomba likatokeza na kuanza kulia kwenye saruji. Duka linalouza magongo mara nyingi halina mipira ya akiba, kwa hiyo watu huenda kwa fundi wa akala, akawachongea kipande cha tairi. Kosa la kwanza hapo ni kupigilia bapa gumu. Gongo hutua kwa mshazari, na bapa lisilopinda hugusa ardhi kwa ukingo tu. Kosa la pili ni kutotia ndani washa ya chuma, yaani kile kiduara bapa. Mpira wa kiwandani aghalabu huwa nayo chini kabisa, ili bomba la alumini, ambalo mdomo wake ni mkali, lisitoboe mpira kila hatua. Ukinunua mpira wa akiba, pima kwanza unene wa bomba kwa nje, maana saizi hutofautiana kwa milimita chache na ulio mkubwa kidogo utabaki matopeni.

Matope yenyewe si ya aina moja. Tambarare za Kano zina udongo mweusi wa mfinyanzi, na mvua ndefu za Machi hadi Mei zikishauloweka, ncha ya gongo huzama inchi kadhaa na kuchomoka na bonge. Hatari kubwa haiko shambani. Iko pale mtu anapofika zahanati na kukanyaga terazo akiwa na mpira uliojaa udongo. Mifereji imezibwa, gongo linateleza. Kijiti cha kuchokolea udongo kifungwe kwenye gongo kwa uzi, na mlango wa kila zahanati uwe na gunia kavu la kupangusia. Vihiga shida ni nyingine, mawe na miteremko. Huko hatua zifupishwe nusu, na kwenye mteremko mkali mtu ashuke kwa kupindapinda.

Swali ambalo wanunuzi wa kaunti hawaliulizi ni kama gongo la kwapani ndilo linalohitajika. Liko gongo la kiwiko, bomba moja lenye kikuku kinachokumbatia mkono vidole viwili au vitatu chini ya kiwiko. Barani Ulaya ndilo la kawaida. Haliwezi kubana kwapa kwa sababu halifiki huko, ni jepesi, na mtu anaweza kuachia kishikio akafungua mlango au kutoa nauli huku gongo likining'inia mkononi. Linahitaji mabega na mikono yenye nguvu, pamoja na mazoezi zaidi mwanzoni. Kwa aliyevunjika mguu na atakayetembelea magongo miezi miwili, la kwapani likipimwa vizuri linatosha. Kwa aliyekatwa mguu, au aliyeishi na athari za polio tangu utotoni, kumpa la kwapani maisha yake yote ni kumwekea akiba ya matatizo ya mikono.

Lugha nayo haisaidii. Mkongojo umebeba kukongoja ndani yake, mwendo wa mtu aliyeishiwa. Waingereza nao, ambao neno lao crutch lilianza kama jina tu la fimbo yenye kichwa kilichopinda, siku hizi hulitumia kumdharau asiyejitegemea. Kijana wa miaka 22 hataki kuonekana mtaani Kondele akikongoja, kwa hiyo anatupa gongo moja wiki ya tatu na la pili wiki ya nne. Misri ya kale haikuwa na aibu hiyo: kuna bamba la jiwe la enzi ya nasaba ya 18, ambalo leo limo kwenye makumbusho jijini Copenhagen, linalomwonyesha mlinzi wa lango aitwaye Ruma akitoa sadaka, mguu mmoja umekonda, ameegemea fimbo ndefu, na mchongaji hakuificha.

Kuacha magongo mapema kuna gharama yake. Mfupa ambao haujaunga unaweza kupinda, na chuma kilichowekwa ndani kikavunjika kwa kuchoka. Hata mfupa ukiunga, misuli ya nyonga iliyolala miezi miwili haiwezi kubeba mwili, na mtu anaanza kuyumba kama njia ya kujihami. Kuyumba huko kukizoeleka ni vigumu kukutoa. Afadhali mwezi mmoja zaidi wa gongo kuliko miaka ya kuchechemea.

Pale wanapobaki na gongo moja ndipo kosa linapotapakaa. Karibu kila mtu hulishika upande wa mguu mbovu, kwa kudhani panapouma ndipo panapohitaji nguzo. Gongo moja hushikwa upande wa mguu mzima, na husogea pamoja na mguu mbovu. Unaposimama kwa mguu mmoja, misuli ya nyonga huvuta kwa nguvu kubwa kuzuia kiuno kisianguke upande wa pili, na mvuto huo ukijumlishwa na uzito wa mwili, kiungo cha nyonga hubeba kama mara mbili na nusu hadi tatu ya uzito wako. Gongo la upande wa pili liko mbali na nyonga hiyo, kwa hiyo msukumo mdogo wa kiganja huipunguzia misuli kazi kubwa. Ukilishika upande ule ule, nguvu hiyo ya umbali inapotea na mwili unaulalia mguu unaouma.

Na lile agizo la daktari la "kanyaga kidogo" litolewe kwa kilo. Kidogo cha mkulima wa Ahero si kidogo cha karani. Daktari akitaka kilo 20, mgonjwa aweke mguu juu ya mizani ya kupimia watu, asimame kwa magongo, abonyeze mpaka mshale ufike 20, arudie hadi mguu ukariri. Zahanati isiyo na mizani ya sakafuni inaweza kumtuma kwenye kinu cha posho kilicho karibu.

Haya yote hayahitaji sera mpya ya kitaifa. Yanahitaji fomu ya ukurasa mmoja inayotoka na kila jozi: kimo cha mgonjwa, namba ya tundu la urefu, namba ya tundu la kishikio, kiasi cha kukanyaga kwa kilo, na tarehe ya kurudi baada ya wiki mbili ili aonekane anavyotembea. Mtoto anayetembelea magongo apimwe upya kila shule zinapofunguliwa, maana anakua na gongo halikui. Jozi za kuazima zikaribishwe, ila zikaguliwe vitufe, nati na mipira, na urefu uanze upya kana kwamba hazijawahi kuwa na mwenyewe.

Zabuni nazo ziandikwe na mtu aliyewahi kupima mgonjwa. Zabuni inayosema "magongo, ya watu wazima, jozi 500" italeta jozi 500 za saizi moja, bila mpira wa akiba hata mmoja. Igawanywe: ya watoto, ya wafupi, ya wastani na ya warefu, sehemu yake iwe ya kiwiko, na kila jozi ije na mipira minne ya ziada yenye washa. Mkandarasi atapandisha bei kidogo. Basi zinunuliwe jozi 450.